Kwa Nini Mitambo? Jibu Lililo Mlangoni mwa Kijana wa Likasi

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Kongo, yakitoka, mitaa ya Likasi, mji wetu wa Katanga, hujaa poda. Aliyefaulu humwagiwa kichwani mpaka nyusi zinapotea, akatembezwa barabarani na ndugu, majirani na watoto ambao hata hawajui amefaulu nini. Kwa siku mbili tatu yeye ndiye mfalme wa mtaa. Kisha poda inaoshwa, wageni wanaondoka, na mzazi anauliza swali lililokuwa likisubiri: sasa utasoma nini?

Wapo wanaojibu udaktari, wapo wanaojibu sheria. Lakini vijana wengi hapa hujibu mitambo. Baadhi husema elektromekanika, kwa kuwa ndilo jina la idara katika Kitivo cha Politekniki cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wengine husema tu kwamba wanataka kuwa wahandisi. Baadaye huja karatasi ya kueleza sababu, maana mfadhili, kampuni au chuo hutaka kujua nia ya mwombaji. Nimesoma barua nyingi za namna hiyo. Karibu zote zinafanana: kijana anapenda sayansi tangu utotoni, anataka kuchangia maendeleo ya nchi, ana nidhamu na bidii. Sidhani kama yeyote kati yao alidanganya. Lakini ukimaliza kusoma, hujui kama mwandishi anatoka Likasi, Kisangani au Dakar.

Hilo linaniuma, kwa sababu kijana wa Likasi ana sababu ambayo wenzake wa miji mingine hawana. Amezaliwa katika mji ulioanzishwa na mitambo, ukalishwa na mitambo, na mitambo iliposimama ukalala njaa. Babu yake aliihudumia, baba yake aliiona ikizimika moja baada ya nyingine, naye mwenyewe amekua akipita kando ya mabomba yenye kutu akienda shule. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuazima sababu kwenye kitabu cha mifano ya barua.

Hata jina la zamani la mji huu lilikuwa la mhandisi. Kuanzia mwaka 1931 uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, Mbelgiji aliyesimamia ujenzi wa reli ya Beijing hadi Hankou, China, iliyokamilika mwaka 1905. Kutoka huko alirudi kuongoza makampuni yaliyoshika uchumi wa Katanga, ikiwamo Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, na ile iliyojenga reli zetu. Leo wahandisi wa Kichina ndio wanaoendesha migodi mingi ya ukanda huu. Zaidi ya miaka 120 iliyopita Mbelgiji alikwenda China kujenga reli ambayo Wachina wenyewe hawakuwa na wataalamu wa kutosha kuijenga. Wajukuu wa China ile sasa wanakuja na mitambo yao Katanga. Kijana anayeuliza kama inawezekana taifa lisilo na wahandisi kuwa na wahandisi katika muda wa vizazi vichache, jibu analiona kila siku likipita barabarani kwenye gari lenye vumbi.

Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Kabla ya hapo mji ulikuwa umeshapata karibu kila kitu ambacho mhandisi wa mitambo angetamani kukiona. Kiwanda cha Shituru kilianza mwaka 1929. Mwaka uliofuata umeme ulianza kutoka Mwadingusha, kwenye maporomoko ya mto Lufira, na bwawa lake ndilo lililozaa ziwa Tshangalele ambalo wavuvi wanalitegemea mpaka leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 reli kati ya Jadotville na Tenke ikatiwa umeme, kwa mfumo ambao wakati huo hata Ulaya ulikuwa bado mgeni. Kambove kulikuwa na mtambo wa kuchambua madini, Kakontwe kulichimbwa mawe ya chokaa, Panda kulikuwa na karakana kuu.

Na katika yote hayo, Mkongo alikuwa msaidizi. Alifundishwa kushika spana, kupaka grisi, kuchomelea, kukereza chuma, na wengi wao walikuwa mafundi hodari kuliko mabwana waliowasimamia. Ila hesabu iliyo nyuma ya mtambo, mchoro, kipimo, uamuzi wa kuzima au kuwasha, vilibaki mikononi mwa wengine. Chuo kikuu cha kwanza Katanga kilifunguliwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru. Tarehe 30 Juni 1960 nchi yote ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika thelathini. Tukumbuke hilo kila tunapomwona mzee aliyestaafu akitengeneza mashine ya kusagia mahindi kwa kuisikiliza tu. Hakukosa akili ya kuwa mhandisi. Mlango ulikuwa umefungwa.

Baada ya uhuru, Union Minière ikawa ya taifa mwaka 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines. Kwa familia za Panda na Shituru haikuwa mwajiri tu. Ilitoa nyumba, posho, shule, hospitali na timu ya mpira. Mtoto alizaliwa katika wodi yake, akasoma katika madarasa yake, akaingia kazini kwenye karakana alimofanya kazi baba yake. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alichapisha mwaka 2001 kitabu juu ya familia hizo na kuwaita Bana Shaba, watoto wa shaba, walioachwa na baba yao. Yeyote aliyekulia hapa anaelewa bila kufungua ukurasa wa kwanza.

Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha tani 476,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, ukaporomoka. Fedha za kigeni zikaisha, siasa zikaharibika, watu waliofanya kazi pamoja kwa miaka mingi wakafukuzana kwa sababu ya asili zao, na mafundi wengi wazuri wakaondoka na treni pamoja na familia zao. Mwaka 2003 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 20,000. Mwaka huo na uliofuata, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walilipwa kiinua mgongo na kuondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Watoto na wajukuu wao ndio hawa wanaomwagiwa poda leo.

Kwa hiyo kijana wa Likasi anayechagua mitambo ana jambo la kueleza, hata asipolitaja. Anajua kwamba kiwanda kinaweza kufa, na anajua mji unakuwaje kinapokufa. Ninachomtakia ni kwamba ajue pia kinakufa namna gani, kwa sababu hapo ndipo sababu yake inapopata meno.

Tuchukue pampu. Kiwanda cha aina ya Shituru hufanya kazi kwa maji na asidi. Madini yaliyosagwa huchanganywa na asidi ya salfa, shaba huyeyuka ndani yake, mchanga na uchafu hutengwa, kisha umeme hupitishwa kwenye maji hayo na shaba hujijenga juu ya bamba, tabaka kwa tabaka. Mkemia ndiye bwana wa habari hiyo. Lakini kati ya tangi moja na jingine kuna pampu, na ndani ya pampu kuna gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji yale makali usiku na mchana. Asidi inalilamba, mchanga unalisugua. Baada ya muda mapanga yanakuwa membamba upande mmoja. Msukumo unapungua, shafti inaanza kutikisika, beringi zinapata joto, na asidi inaanza kudondoka sakafuni. Fundi aliyezoea huusikia ugonjwa huo kabla ya kipimo chochote kuuonyesha.

Katika siku njema, gurudumu jipya lipo stoo. Katika siku mbaya, liko Ulaya, na linataka dola ambazo kampuni haina. Basi fundi hufungua pampu ya pili iliyo nzima na kutoa kifaa chake ili ya kwanza iende. Mwezi ujao hufungua ya tatu. Ni akili ya dharura, na nchi nzima imeishi kwa akili hiyo kwa miaka mingi. Lakini hesabu yake iko wazi: kiwanda kilichokuwa na pampu nane kinabaki na nne, kisha mbili, na siku ya mwisho hakuna mlipuko wala moto. Kuna ukimya tu, na watu wanaambiwa warudi nyumbani wakasubiri.

Watu wengi wanadhani viwanda vyetu viliuawa na vita na wizi peke yake. Vita vilikuwapo, na wizi ulikuwapo, wa mchana kweupe. Lakini palikosekana pia mtu, katika kila karakana, mwenye elimu, mamlaka na vifaa vya kusema: gurudumu hili tutalitengeneza hapa, wiki hii, na litadumu kama lile la kununua.

Na Likasi palikuwa mahali pa kusema maneno hayo. Karakana kuu za Panda zilikuwapo kwa kazi hiyo hasa, kutengeneza vipuri vya viwanda na migodi ya kampuni nzima. Kutengeneza gurudumu la pampu upya huanza na mtego. Lile lililo mezani limeliwa, na ukilipima jinsi lilivyo utazaa jipya lenye ugonjwa wa zamani. Ni lazima ujue lilikuwaje lilipokuwa zima, kwa mchoro kama upo, na kwa hesabu kama haupo. Kisha seremala anachonga kielelezo cha mbao, kikubwa kidogo kuliko kinachotakiwa, maana chuma cha pua hunywea kwa kiasi cha asilimia 2 kinapopoa. Kielelezo kinaacha umbo lake kwenye mchanga. Chuma kinayeyushwa, kikichanganywa na kromi na nikeli kwa kiwango kitakachostahimili asidi. Kinamiminwa, kinapoa, kinakerezwa. Mwisho kinasawazishwa uzito pande zote, kwa sababu kitu kinachozunguka karibu mara 1,500 kwa dakika hakisamehe gramu chache zilizozidi upande mmoja. Kitavunja beringi kabla ya mwezi kuisha.

Katika aya hiyo moja mna uchoraji, elimu ya mata, joto, mwendo wa majimaji na hesabu za mtetemo, yaani masomo yale yale yanayomkosesha usingizi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Lubumbashi, katika kitivo kinachojulikana kwa kuchuja watu. Wengi huacha wakiamini kwamba hesabu zile ni adhabu ya maprofesa. Ningependa kila mmoja wao aone gurudumu lililoliwa kabla ya kufungua daftari.

Habari ya vyuma ina uzuri wake pia. Mwaka 1882, huko Sheffield, Robert Hadfield alipata chuma chenye manganisi kiasi cha asilimia 12 hadi 14, ambacho kadiri kinavyopigwa ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu juu yake. Hakuwa amefikisha miaka 25. Mpaka leo, mashine za kuvunjia mawe ya madini duniani kote huvishwa chuma cha ukoo huo kwenye meno yake. Kijana wa Likasi amesikia mashine hizo zikiguguna tangu alipokuwa mtoto. Ana haki ya kujua kwamba kilicho ndani yake kilitokana na udadisi wa kijana wa rika lake.

Sitaki kujifanya kwamba pesa si sababu. Ni sababu, na ni halali. Mwaka 2023 Kongo ilizalisha zaidi ya tani milioni mbili na nusu za shaba, kiasi ambacho Gécamines ya enzi zake haikukiota. Malori yanayotoka Fungurume na Kolwezi hupita Likasi mchana na usiku kuelekea Lubumbashi na mpaka wa Zambia. Kijana anayeuza mikate kando ya barabara hiyo anayahesabu, na anajua kwamba kila lori lina injini, giaboksi, breki, na mtu anayelipwa kuvitengeneza. Mama aliyelipa ada kwa kuuza unga na makaa anastahili mtoto mwenye mshahara. Anayeandika kwenye barua yake kwamba anataka kuwasomesha wadogo zake ameandika ukweli mzito kuliko yule wa maendeleo ya nchi kwa ujumla.

Ila namwomba aangalie pesa hiyo iko wapi hasa. Migodi mipya hufika na wahandisi wake, na nafasi za juu huko ni chache. Lakini tangu sheria ya tarehe 8 Februari 2017, kazi zinazotolewa na makampuni makubwa kwa wakandarasi zimetengwa kwa makampuni ambayo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongo. Sheria hiyo imekwepwa mara nyingi, kwa wenye majina ya kukodi na makampuni ya mfukoni. Hata hivyo ipo, na mgodi unaohitaji pampu irudishwe katika hali yake hauwezi kujibiwa na kampuni ya mfukoni. Unahitaji karakana yenye mashine ya kukereza, mzani wa kusawazishia, na mhandisi ambaye sahihi yake ina maana. Vijana watano waliomaliza masomo pamoja, wakiungana na fundi mmoja mzee wa Panda ambaye mikono yake bado inakumbuka, wanaweza kuanzisha karakana hiyo Kikula, hapa hapa Likasi, kabla wenzao hawajaitwa kwenye usaili wa kwanza mgodini.

Mwadingusha inatoa mfano mwingine. Mitambo yake ilizeeka, mmoja baada ya mwingine ukasimama, mpaka kampuni ya Kamoa, inayohitaji umeme kwa mgodi wake karibu na Kolwezi, ilipogharimia kazi ya kuifufua pamoja na SNEL, shirika la umeme la taifa. Mwaka 2021 mitambo yote sita mipya ilikuwa imeunganishwa kwenye gridi, megawati 78 kwa jumla. Ni habari njema na nilifurahi. Lakini mitambo hiyo tayari ina miaka kadhaa, na maji ya Lufira yanaendelea kuisugua. Swali la nani ataihudumia mwaka 2040 linajibiwa sasa, katika madarasa ya ufundi ya mji huu.

Na madarasa hayo yana upungufu. Ziko shule za ufundi ambamo mwanafunzi huchora mashine ya kukereza kwa miaka minne na kupata cheti bila kuigusa hata siku moja, kwa sababu iliyopo haina mota, au ina mota na umeme umekatwa. Walimu wanajitahidi kwa chaki na maneno. Mitihani inapimwa kwa kukariri. Kisha tunashangaa mhitimu anapofika kiwandani na kumwogopa fundi wa darasa la sita. Kosa hilo si la mwanafunzi. Wazazi wanaotoa ada, na kampuni zinazotangaza misaada yake kwa picha za madawati, wangeulizana kwanza: mashine za shule zinazunguka?

Wasichana katika madarasa hayo bado ni wachache, na wanaobaki husikia kila siku kwamba grisi haiendani na mwanamke. Wajibiwe kwa jina la Thérèse Izay Kirongozi, mhandisi aliyesoma ISTA, chuo cha ufundi cha Kinshasa. Mwaka 2013 aliweka kwenye njia panda za mji mkuu maroboti makubwa ya alumini yanayoongoza magari kwa nguvu za jua. Madereva wasiomheshimu polisi walisimama mbele ya mashine iliyobuniwa na mwanamke wa Kongo. Alikuwa ameona msongamano ule ule ambao kila mtu wa Kinshasa anauona, akaamua kwamba ni kazi yake.

Ndiyo maana, kijana akiniuliza aandike nini, humuuliza kwanza mtambo gani wa nyumbani kwao umesimama. Wengine hucheka. Kisha mmoja hutaja kinu cha jirani, mwingine pampu ya kisima cha parokia iliyokufa tangu akiwa darasa la tatu, mwingine tanuru analolipita akienda shule, ambako baba yake alifanya kazi. Nawaambia waandike juu ya hicho: kilifanya kazi gani, kilisimama lini, watu walikosa nini kiliposimama, na wao wanadhani kiliharibika wapi. Hata wakikosea ugonjwa wake, msomaji mwenye akili ataona mtu aliyeinama na kuchungulia ndani.

Kati ya matokeo na kufunguliwa kwa vyuo kuna wiki kadhaa za kukaa. Gereji za Kikula hazifungi, na mafundi wake hawaombi cheti kwa anayekuja kuosha vipuri kwa dizeli na kuuliza maswali. Huko atajifunza kukaza nati bila kuiua, kusikia beringi inayolalamika, na kumwita mkubwa wake kwa heshima kabla ya kushika chombo chake. Aende na daftari. Siku profesa atakapoandika ubaoni hesabu ya nguvu inayopinda shafti, awe tayari ameishika moja iliyopinda.